Gitaa Moja, Kazi ya Gitaa Tatu

Wasee, leo sina story ya msanii. Leo nina story ya waya na swichi, na ukikaa nayo hadi mwisho, ile gitaa imeegemea ukuta kwenu utaiangalia kwa jicho lingine.

Kuna maneno nasikia sana, kuanzia Gatwekera hadi Kawangware 56: "Gitaa ya bei ya chini ina sauti moja tu. Ukitaka sauti, tafuta doo ununue ya maana." Mimi nakataa. Sikatai ju ya kutetea mtaa. Nakataa ju historia yenyewe inakataa.

Twende pole pole.

Kwanza, gitaa moja ilitosha

Mwaka wa 1952, mtu anaitwa Hugh Tracey alikuwa akizunguka na mashine ya kurekodi. Akafika Jadotville, mji wa migodi kule Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Huko akamrekodi kijana anaitwa Jean-Bosco Mwenda, mwenye gitaa moja kavu, bila stima. Kijana alikuwa anapiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea na besi, kidole kingine kinaimba juu. Ukifunga macho unadhani wako wawili.

Muziki huo ukasafiri, na Bosco mwenyewe akafika Nairobi. Huku kwetu, George Mukabi alikuwa na mtindo wa Magharibi unaoitwa omutibo: gitaa moja, gumba chini, wimbo juu, na mwenzake anakwaruza chupa ya soda kuweka mdundo. Mukabi aliuawa mwaka wa 1963, lakini enda Kawangware leo utapata wazee wanaweza kukupigia omutibo wakiwa wamekaa kwa jerikeni.

Kwa hivyo shika hii: mwanzoni, mtu mmoja na gitaa moja walifanya kazi ya bendi nzima. Ujuzi wote ulikuwa kwa vidole.

Halafu zikawa tatu

Miaka ya 60 gitaa za stima zikashika. Pale Equator Sound, Nairobi, kina Fadhili William na Daudi Kabaka wakatoa twisti iliyochezwa kila mahali. Daniel Owino Misiani akatoka Shirati, upande wa Tanzania, akaja na Shirati Jazz na benga. Mwaka wa 1971 ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, wakaingia Nairobi na Simba Wanyika. Mwaka wa 1978 kundi likagawanyika, Les Wanyika wakazaliwa.

Sasa sikiliza bendi hizi kwa makini. Kuna gitaa ya solo, kuna ya pili inayoshika ridhimu, kuna ya besi. Wacongo waliokuwa Nairobi wakati huo, kama Super Mazembe na Mangelepa, waliongeza nyingine katikati inaitwa mi-solo. Na hakuna anayemkanyaga mwenzake, ju kila gitaa ina nyumba yake. Solo iko juu, kali, kama nyatiti. Ya pili iko katikati, laini, inazunguka. Besi iko chini, inabeba wote.

Hizo nyumba hazikujengwa na vidole peke yake. Zilijengwa na pikapu. Si ile ya kubeba viazi kutoka Nyandarua. Pikapu ya gitaa ni ile kitu nyeusi iko chini ya nyuzi: sumaku, na juu yake waya mwembamba kama nywele umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, stima ndogo inazaliwa kwa waya. Ni ile Fizikia ya Faraday tulikariri Fomu Foo ili tupite mtihani. Mimi niliingia chuo, karo ikakataa, nikatoka mwaka wa pili. Lakini siku nilifungua gitaa mara ya kwanza, nikaona ile mchoro wa kitabu ikiwa imelala pale ndani, imejaa vumbi.

Na waya huo ni wa shaba. Na sumaku nyingi za zamani zinaitwa alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti. Shaba na kobalti ndizo zilikuwa zinachimbwa kwa wingi kule Katanga, kwa kina Bosco. Kwa hivyo usiniambie gitaa ya stima ni kitu cha watu wa mbali.

Sasa, pikapu ikiwa karibu na daraja, pale nyuzi zinafungwa, inasikia makali. Huko ndiko solo ya benga inapenda kukaa. Ikiwa karibu na shingo, inasikia sauti nene na ya mviringo. Uzi ni ule ule, mkono ni ule ule, sauti ni mbili tofauti. Swichi ndiyo inachagua.

Kisha zikarudi moja

Miaka ya 80 mambo yakageuka. Kanda feki zikajaa mjini, wanamuziki wakakosa chao. Vibali vya kazi vikawa shida kwa Wacongo na Watanzania waliokuwa wamejaza vilabu vya Nairobi. Disko ikaja, kinanda kikaja, na mwenye klabu akapiga hesabu: kwa nini nilipe watu kumi na wawili wakati mmoja na kinanda anatosha?

Leo enda kesha Kawangware, ama ibada ya Jumapili kwa kanisa la mabati Kibera. Utapata kinanda, ngoma, waimbaji, na msee mmoja wa gitaa. Mmoja. Huyo huyo anatakiwa apige solo ya benga kwa wimbo wa kwanza, ashike ridhimu kwa wa pili, na pasta akianza kuomba, apige kitu kizito na cha polepole. Watu walikuwa watatu, sasa yeye ni mmoja, na malipo ni ya nusu mtu.

Vidole vyake viko sawa. Shida ni kwamba gitaa yake, ile ya kiwanda, ina pikapu mbili na swichi ya nafasi tatu: ya nyuma, zote mbili, ya mbele. Sauti tatu, basi. Na kwa gitaa nyingi za bei ya chini, hizo tatu zinafanana kama mapacha.

Kiwanda hakikupewa neno la mwisho

Hapa ndipo historia inakuwa tamu. Mwaka wa 1954 kampuni ya Fender kule Marekani ilitoa Stratocaster, gitaa ya pikapu tatu. Swichi ilikuwa ya nafasi tatu, pikapu moja kwa wakati. Wapigaji wakagundua kitu: ukiisimamisha swichi katikati ya nafasi mbili, isiingie huku wala kule, pikapu mbili zinaamka pamoja na sauti inatoka tofauti kabisa. Kiwanda hakikuwa kimepanga hivyo. Watu waliilazimisha swichi kwa miaka, hadi mwaka wa 1977 kampuni ikaanza kuweka swichi ya nafasi tano. Miaka 23 kukubali kitu ambacho wapigaji walikuwa wanafanya kwa kidole.

Mwingine ni Brian May wa Queen. Queen ni bendi ya Freddie Mercury, ambaye alizaliwa Unguja mwaka wa 1946, kwa hivyo hapa bado tuko pwani yetu. Kabla ya Queen, May alikuwa kijana bila pesa ya Fender. Mwaka wa 1963, yeye na baba yake, ambaye alijua umeme, wakaanza kutengeneza gitaa nyumbani. Shingo ilitoka kwa mbao za mahali pa kuotea moto, springi zilitoka kwa injini ya pikipiki kuukuu. Hiyo ni jua kali, hata kama ilifanyika London. Lakini ujanja mkubwa ulikuwa kwa swichi: pikapu tatu, na kila moja ina swichi mbili, moja ya kuwasha na kuzima, nyingine ya kugeuza mwelekeo wa stima. Piga hesabu na mimi. Pikapu moja moja, sauti 3. Mbili mbili, zikienda pamoja ama zikipingana, sauti 6. Zote tatu, sauti 4. Jumla 13, kutoka gitaa moja ya nyumbani.

Na kama unataka mfano wa Afrika, kule Kinshasa Mawangu Mingiedi wa Konono No. 1 alichukua likembe, ile ala ndogo ya vyuma vya kupiga na vidole gumba, akaitengenezea pikapu kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Hakungoja duka lilete likembe ya stima. Dunia ilikuja kumsikia katikati ya miaka ya 2000, wakati yeye alikuwa ameanza kazi hiyo zamani sana.

Sasa rudi Kibera

Kuna fundi mmoja upande wa Makina, kazi yake ni redio na amplifaya. Nilimpelekea gitaa ya rafiki yangu, akaifungua, akacheka.

"Kijana, hapa wamekuuzia koili nne, wakakupa swichi ya mbili."

"Aje, mzee?"

"Hizi pikapu zako ni mbili mbili ndani. Umelipa nne. Unatumia kama mbili."

Alikuwa sahihi. Ile pikapu pana inaitwa hambaka, na ndani yake kuna koili mbili. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni miaka ya 50 ili kuua ile mngurumo wa stima. Koili moja peke yake inadaka mngurumo huo, na huku kwetu stima inanguruma mara 50 kwa sekunde. Lover aliweka koili mbili zenye sumaku na mizunguko inayopingana, ili sauti ya nyuzi ijumlishane na mngurumo ufutane.

Kiwandani koili hizo mbili zinaunganishwa kwa foleni, stima inapita ya kwanza halafu ya pili. Sauti inakuwa nene na ina nguvu. Lakini unaweza kuziunganisha bega kwa bega, kila moja ikitoa stima yake kivyake. Hapo sauti inapungua nguvu kidogo, inakuwa safi, inang'aa juu. Njia ya tatu ni kuzima koili moja kabisa. Wengi huanzia hapo ju ni rahisi. Mimi naona kwa mtaa wetu ni kosa, ju ukizima moja mngurumo unarudi, na stima yetu mnaijua vile iko. Bega kwa bega inakupa makali na bado kimya kinabaki.

Kinachohitajika ni swichi ndogo ya miguu sita kwa kila pikapu, zile zinauzwa Luthuli Avenue, waya kidogo, risasi ya kulehemu na mkono usiotetemeka. Kama pikapu yako inatoa waya mbili tu, fundi atafungua utepe wake atafute pale koili mbili zinaposhikana, na hapo awe mpole, ju ule waya wa shaba ukikatika, pikapu imekufa. Hesabu tena: pikapu ya nyuma sauti 2, ya mbele sauti 2, zote pamoja sauti 4. Umetoka sauti 3, umefika 8. Mwili ni ule ule, nyuzi ni zile zile.

Sasa mpe yule msee wa kanisa. Pikapu ya nyuma, bega kwa bega: solo ya benga hiyo, kavu na kali. Zote mbili, bega kwa bega: gitaa ya pili ya Les Wanyika, laini katikati. Ya mbele, kwa foleni: nene, inashuka chini karibu na besi, pasta aombe. Bendi ya watu watatu imerudi, iko begani mwa mmoja. Bosco alifanya hivyo kwa gumba, huyu anafanya kwa gumba na swichi.

Kwa nini nimeandika hii

Ju ya kitu kimoja kinaniuma. Shika santuri yoyote ya zamani ya River Road uangalie lebo. Kuna jina la wimbo, la bendi, la mtunzi, la kampuni. Aliyeshika chuma cha kulehemu hayuko. Amplifaya ziliungua katikati ya shoo, pikapu zilikatika, swichi zililiwa na jasho na vumbi, na kuna mtu alizitengeneza ili Jumamosi bendi ipande jukwaani. Sauti tunayoita ya dhahabu ilipita kwa mikono yake. Wazee hao wanaondoka, na walichojua hakikuandikwa popote. Kilikuwa kichwani.

Kwa hivyo usipeleke gitaa kwa fundi halafu ukae kwa simu. Kaa hapo. Chora kila waya unaenda wapi, rangi gani, mguu gani wa swichi. Andika tarehe na jina la fundi, akikubali. Kunja hiyo karatasi uiweke ndani ya gitaa, chini ya kile kifuniko cha nyuma, na upige picha ubaki nayo. Siku moja mtoto wa mtaa atainunua mtumba, ataifungua, na atapata mahali pa kuanzia.

Na yule wa kukuambia gitaa yako ina sauti moja, muulize kama amewahi kuifungua.