Dishi Likiyumba, Angalia Nguzo Kwanza

Mara nyingi nikipita vijijini nakuta mwenye banda la video analalamika: watu wamelipa kutazama mpira, picha imeganda, wanadai hela zao. Lawama anapewa fundi au dishi. Ukilishika dishi lenyewe, linacheza na nguzo yake. Historia ya chombo hiki inatuonyesha tulipokosea.

Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitazunguka sawasawa na dunia. Aliye chini atakiona kimesimama palepale. Mwaka 1964 Marekani iliweka huko setilaiti ya Syncom 3. Tangu hapo kazi ikawa ya pande mbili: setilaiti itulie angani, dishi litulie ardhini.

Wahandisi wa kwanza hawakufanya mchezo na upande wa chini. Kituo cha Longonot, Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1970, kilikuwa na dishi la upana wa karibu mita 30. Dishi la namna hiyo hujengewa msingi imara kama wa jengo.

Mwaka 1976 Taylor Howard, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alijitengenezea dishi nyumbani kwake California. Mwaka 1979 Marekani iliondoa sharti la leseni kwa madishi ya kupokea tu, na madishi ya futi 8, 10 na 12 yakaenea, hasa mashambani.

Huku kwetu, televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Aliyekuwa mbali na minara ya mjini alitegemea dishi kubwa, la futi 6 au 8. Dishi likashuka bei likafika kijijini, lakini msingi tukauacha njiani. Tukalisimamisha kama nguzo ya uzio.

Upepo haujui kwamba dishi lako ni la bei nafuu. Dishi la futi 6 lina eneo la karibu mita za mraba 2.5, na la futi 10 karibu mita 7. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Tena dishi la futi 6 huona kipande cha anga cha digrii 3 hivi tu. Nguzo ikiinama kidogo, umeipoteza setilaiti.

Basi fanya hivi kabla ya mvua:

1. Tumia bomba la chuma nene, la inchi 3 au zaidi, linalokaa vizuri kwenye kishikio cha dishi.
2. Chimba shimo la mita 1 au zaidi, chini pana kuliko juu. Theluthi ya bomba iwe ardhini.
3. Chomelea vipande vya nondo chini ya bomba, lisizunguke ndani ya zege.
4. Changanya simenti 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji yasizidi.
5. Pima kwa timazi pande mbili, mbele na ubavuni. Funga mihimili, kisha pima tena.
6. Mwagilia zege siku 7 ndipo upandishe dishi.

Udongo mweusi wa mbuga hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Uepuke, ukishindwa, chimba zaidi na uelekeze maji ya mvua mbali na nguzo.

Mifuko miwili mitatu ya simenti inauma mfukoni, najua. Lakini hiyo unailipa mara moja. Fundi wa kuja kurekebisha dishi utamlipa kila baada ya upepo.