Sehemu ya 6: Mtoto wa mgonjwa wa ukoma

Leo kwenye mfululizo wetu wa historia ya magonjwa nakuletea mwandishi wa hadithi za upelelezi. Usishangae, soma mpaka mwisho utaona anatuhusu vipi.

Anaitwa Seicho Matsumoto, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1909 na kukulia Kokura kwenye familia maskini. Shule aliiacha mapema, akawa kijana wa kutumwa, kisha akajifunza kazi ya uchapaji. Hadithi zake zilianza kuchapishwa akiwa ameshavuka miaka 40. Kwake kumjua muuaji hakutoshi. Alitaka ujue pia nini kilimfikisha mtu huyo hapo.

Mwaka 1961 ilitoka riwaya yake Suna no Utsuwa, yaani Chombo cha Mchanga. Mzee mmoja aliyewahi kuwa polisi anakutwa ameuawa penye reli jijini Tokyo. Mzee mwema, hana adui. Mpelelezi Imanishi anahangaika mpaka anamfikia mwanamuziki kijana mwenye jina kubwa. Sasa kwa nini amuue? Kwa sababu mzee yule alimjua utotoni, alipokuwa akitangatanga na baba yake mwenye ukoma, na ndiye aliyewasaidia. Kijana alishabadili jina. Aliogopa watu wajue ni mtoto wa nani.

Muuaji ni wa kubuni, ila hofu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Sheria ya Japani ya mwaka 1931 iliruhusu wagonjwa wote wa ukoma watengwe. Huko walikotengwa, wanandoa walifungwa uzazi na wajawazito wakatolewa mimba. Hebu fikiria, mama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa zikapatikana, lakini sheria mpya ya mwaka 1953 ikaendelea kuwatenga. Ilifutwa mwaka 1996 tu! Mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikasema kutengwa kule kulikiuka katiba. Na familia zao, wakiwemo watoto kama yule wa kwenye riwaya, zilitungiwa sheria ya fidia mwaka 2019. Miaka 58 baada ya kitabu!

Unaona? Dawa iliwahi, aibu ikabaki nyuma. Na aibu hiyo hata huku kwetu ipo: mtu ana doa, anafunika na nguo ndefu, anakuja kituoni vidole vimeshapinda.

Kwa hiyo ukimwogesha mwanao, mwangalie ngozi. Doa lililopauka au jekundu, ukiligusa hasikii, mpeleke kituo cha afya. Matibabu ya ukoma ni bure, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, na anapona. Akishaanza dawa, haichukui muda anaacha kuambukiza. Hakuna haja ya kumtengea sahani wala kitanda.

Na jirani mwenye ukoma akipita, usimvute mtoto pembeni. Mtoto anajifunza aibu kwa kukuangalia wewe.