Neno la Wiki: Utenzi

Juzi nimesoma uhakiki ukiiita The Waste Land ya T. S. Eliot “utenzi”. La hasha! Shairi lile la 1922 lina sehemu tano, sauti zinapokezana ghafla, vina vinaibuka na kupotea. Liite shairi refu, tena huru.

Utenzi, au utendi kama wasemavyo Lamu, umetokana na kutenda, lakini kinachoutambulisha ni umbo. Kila ubeti una mistari minne ya mizani nane; mitatu ya kwanza hushiriki kina, wa nne hubeba kina kisichobadilika hadi tamati. Usikie ukighaniwa, utaungojea ule mstari wa nne. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, una beti mia moja hivi tu. Nao ni utenzi kamili.