Kutoka Dardilly hadi Gisenyi: Jina la Ukoo "Vianney" na Suala la Urithi wa Majina Wilayani Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya jina la ukoo la Kifaransa, Vianney, kutoka kijiji cha Dardilly karibu na Lyon hadi Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Makala yanaonesha kwamba jina lililorithishwa kwa vizazi huko Ufaransa liligeuka jina la ubatizo lilipofika Rwanda, na halikurithiwa tena. Hoja kuu ni kwamba wingi wa jina hauwezi kufasiriwa kuwa ushahidi wa udugu bila kwanza kujua utaratibu wa kutoa majina katika jamii husika. Makala yanaonesha pia kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika maisha ya watu wa eneo hili, hasa baada ya mwaka 1994.

1.0 Utangulizi

Katika orodha za wanafunzi, matangazo ya ndoa parokiani na karatasi za wagombea wa uchaguzi nchini Rwanda, herufi tatu hujitokeza mara kwa mara: J.M.V. Hakuna msomaji wa Rwanda anayehitaji kuelezwa maana yake. Ni kifupisho cha Jean-Marie-Vianney, jina la ubatizo lililoenea sana miongoni mwa wanaume wa nchi hiyo. Miongoni mwa wanaolitumia ni Jean-Marie Vianney Gatabazi, aliyepata kuwa gavana wa Jimbo la Kaskazini na baadaye waziri.

Wanaolitamka kila siku ni nadra kukumbuka kwamba sehemu ya tatu ya jina hilo haikuwa jina la mtu mmoja. Ilikuwa jina la familia nzima ya wakulima wa Ufaransa. Nalo si jina pekee la aina hiyo. Bosco katika Jean-Bosco na Goretti katika Marie-Goretti ni majina ya familia za Italia. Claver katika Pierre-Claver ni jina la familia ya Hispania. Yote yamefika Rwanda yakiwa yamevuliwa ukoo wake. Swali linalojadiliwa hapa ni hili: jina la ukoo hubaki kuwa nini linapohamia katika jamii ambayo haina desturi ya kurithisha majina?

2.0 Jina la ukoo nchini Ufaransa

Jina la ukoo la Kifaransa halikuwapo tangu mwanzo. Katika karne za kati watu wengi walikuwa na jina la ubatizo pekee. Kadiri idadi ya watu ilivyoongezeka na majina yaleyale ya watakatifu kurudiwa, ilibidi kumtofautisha Jean mmoja na mwingine kwa kutaja kazi yake, mahali alipotoka, umbile lake au jina la baba yake. Lakabu hizo ziliganda polepole, zikaanza kurithiwa. Martin, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi nchini Ufaransa leo likiwa na watu zaidi ya laki mbili, lilianza kama jina la ubatizo kwa heshima ya Mtakatifu Martin, askofu wa Tours aliyefariki mwaka 397. Bernard, Thomas, Robert, Richard na Laurent, ambayo nayo yamo miongoni mwa majina ya ukoo yenye watu wengi zaidi, yalipitia njia hiyohiyo.

Kilichoyafunga majina hayo katika familia ni sheria. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539, chini ya Mfalme François wa Kwanza, iliagiza parokia zitunze vitabu vya ubatizo. Sheria ya tarehe 6 Fructidor mwaka wa pili wa Mapinduzi, yaani 23 Agosti 1794, ilimkataza raia kutumia jina lisilo katika hati yake ya kuzaliwa. Tangu hapo jina la baba likawa jina la mtoto kwa nguvu ya dola, hadi sheria ya mwaka 2002 ilipowaruhusu wazazi kuchagua pia jina la mama.

Familia ya Vianney ni kielelezo kizuri cha utaratibu huo. Pierre Vianney, mkulima wa Dardilly, alimzaa Matthieu Vianney. Matthieu akawa baba wa watoto sita, nao wote waliitwa Vianney. Mmoja wao ni Jean-Marie, aliyezaliwa mwaka 1786. Mwaka 1818 alipelekwa kuwa paroko wa Ars, kijiji kidogo, akakaa huko hadi kifo chake mwaka 1859. Sifa zake kama muungamishi ziliwavuta mahujaji kutoka kila upande wa nchi. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 likamfanya msimamizi wa maparoko. Jina lake la ukoo, ambalo halikuwa miongoni mwa majina makubwa ya Ufaransa, likaanza safari mpya.

3.0 Majina ya Wanyarwanda kabla ya ubatizo

Rwanda ilikuwa na utaratibu tofauti kabisa. Mtoto alipewa jina siku ya nane baada ya kuzaliwa. Watoto wa jirani waliitwa kula chakula cha sherehe iliyojulikana kama "ubunnyano", kila mmoja akapendekeza jina, kisha baba akatoa lile lililokubaliwa. Jina hilo lilikuwa la mtoto huyo peke yake. Halikuwa la baba yake, wala hakutarajiwa kuwapa wanawe.

Majina hayo ni kauli zenye maana kamili. Habimana humaanisha "Mungu yupo", Hakizimana, "Mungu ndiye huponya", Ndayisaba, "namwomba". Mengine hutaja nafasi ya mtoto katika uzao: Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Majina ya wanawake mara nyingi hujengwa kwa viambishi "Muka-" na "Nyira-", kama katika Mukandoli na Nyirahabimana. Alexandre Kimenyi, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu majina ya Kinyarwanda na Kirundi, aliyachambua kama mfumo wa ishara unaobeba matumaini, majonzi na hata mafumbo yanayolengwa kwa majirani. Msemo wa Kinyarwanda "izina ni ryo muntu", yaani jina ndilo mtu, unaeleza fikra hiyo kwa ufupi.

Hapa istilahi ya Kiswahili "jina la ukoo" yenyewe huleta utata. Wanyarwanda wana koo, nazo hurithiwa kwa upande wa baba: Abanyiginya, Abega, Abasinga, Abagesera, Abazigaba na nyinginezo. Lakini mtu wa ukoo wa Abasinga haitwi Musinga kwa sababu ya ukoo wake. Ukoo hujulikana, hutajwa panapohitajika, ila hauandikwi mwishoni mwa jina. Kwa hiyo nchini Ufaransa jina hurithiwa na hubeba utambulisho wa familia. Nchini Rwanda ukoo hurithiwa bila kugeuka jina la mtu.

4.0 Nyundo na kuwasili kwa jina la Vianney

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walifungua misheni yao ya kwanza nchini Rwanda huko Save mwaka 1900. Mwaka 1901 walifika Nyundo, kilimani karibu na Gisenyi, wakati nchi ingali chini ya Wajerumani. Wengi wa viongozi wao walitoka Ufaransa au maeneo yaliyopakana na Ujerumani: Jean-Joseph Hirth alizaliwa Alsace, na Léon Classe mjini Metz.

Ubatizo ulihitaji jina la mtakatifu. Katika mafundisho ya Kinyarwanda majina hayo yalivaa sauti za lugha: Yohani, Petero, Mariya, Yozefu. Umbo la Kifaransa lilipata nguvu baada ya Wabelgiji kuichukua nchi mwaka 1916, kwa kuwa Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi na shule. Miaka ya 1930 wimbi kubwa la ubatizo liliifagia nchi, hasa baada ya Mfalme Musinga kuondolewa mwaka 1931. Mwanawe, Mutara wa Tatu Rudahigwa, alibatizwa mwaka 1943 kwa majina ya Charles Léon Pierre: Léon lilikuwa jina la Askofu Classe aliyembatiza, na Pierre lilikuwa la Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, msimamizi wake. Mama yake, Kankazi, aliitwa Radegonde, jina la malkia wa kale wa Wafranki.

Nyakati hizi zina maana kwa historia ya jina linalojadiliwa. Vianney alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, Bosco mwaka 1934 na Goretti mwaka 1950. Watakatifu hawa wapya walifika Rwanda pamoja na umati wa wabatizwa wapya, katika kipindi ambacho kila paroko alihitaji majina mengi kwa wakati mmoja. Wamisionari wa Kifaransa walimwona Paroko wa Ars kuwa kielelezo cha padri. Nyundo ilipofanywa vikarieti mwaka 1952 na kukabidhiwa Aloys Bigirumwami, askofu wa kwanza mwafrika katika Afrika ya Wabelgiji, utaratibu ulikuwa umekwisha kukomaa: jina moja la Kinyarwanda na moja la mtakatifu, kama jina la askofu huyo lilivyo.

Jina la ubatizo liliongezwa pembeni ya jina la Kinyarwanda bila kuligusa, na lilifuata kanuni zake. Mwana wa Jean-Marie-Vianney hakuitwa Vianney. Alipewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda na mtakatifu wake mwenyewe.

5.0 Gisenyi, mji wa taratibu nyingi

Gisenyi inalifanya suala hili lionekane waziwazi kwa sababu imepakana na Goma, na mitaa ya miji hiyo miwili imegusana. Mpaka uliokubaliwa na madola ya kikoloni mwaka 1910 uliwatenganisha watu waliozoeana. Mwaka 1972 mpaka huo uligeuka pia kuwa mpaka wa majina. Upande wa Zaire, Rais Joseph-Désiré Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo kwa jina la uhalisi wa Kiafrika, naye akajiita Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph-Albert Malula alipinga, ikambidi aishi Roma kwa muda. Hivyo mtoto aliyezaliwa Gisenyi mwaka 1975 aliweza kuandikwa Jean-Marie-Vianney bila shida, huku binamu yake wa Goma akinyimwa jina hilo katika hati zake, hata kama nyumbani liliendelea kutamkwa. Marufuku ilipolegea mwaka 1990, majina ya ubatizo yalirudi upande wa pili.

Ndani ya Gisenyi yenyewe, jamii ya Waislamu iliyoanza na askari na wafanyabiashara wazungumzaji wa Kiswahili ilileta utaratibu mwingine: jina la mtoto, la baba na la babu kwa mfuatano. Mtu akiitwa Ramadhani Juma Hamisi, msikilizaji anapata vizazi vitatu kwa pumzi moja. Kwa hiyo katika mji mmoja jina la pili la mtu huweza kuwa la baba yake, la mtakatifu wa Lyon, au lake mwenyewe.

6.0 Majina na utafutaji wa ndugu

Suala hili liliacha kuwa la nadharia mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwezi Julai mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache. Katika vurugu hizo, na katika mauaji yaliyotangulia, watoto wengi walibaki bila wazazi. Zaidi ya watoto laki moja waliandikishwa katika eneo zima kuwa wametengana na familia zao. Kituo cha yatima cha Noël, Nyundo, kililea mamia ya watoto.

Katika nchi yenye majina ya kurithi, jina la mtoto ni mwanzo wa utafutaji. Hapa halikutosha. Mtoto aliyejua kwamba anaitwa Uwimana hakuwa ametoa dalili yoyote ya baba yake, kwa kuwa jina hilo lenye maana ya "wa Mungu" limeenea kila wilaya. Aliyesema baba yake ni Jean-Marie-Vianney alikuwa amewataja wanaume wasiohesabika. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kupelekwa vituo viwili bila orodha yoyote kuonesha udugu wao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na UNICEF, pamoja na mashirika mengine, walilazimika kuandika majina ya baba na mama, kilima walikotoka na kumbukumbu nyingine za mtoto. Kwa wadogo wasioweza kusema, picha zilibandikwa ili jamaa wazitambue. Uso na kilima vilifanya kazi ambayo jina halikuwahi kuumbwa kuifanya.

Leo mkondo mwingine unaonekana. Baadhi ya wazazi huwapa watoto wote jina la baba ili kurahisisha hati za kusafiria, na majina mafupi ya Kinyarwanda kama Ineza, Keza na Ganza yanapendwa na wazazi vijana. Wanyarwanda waliohamia Ubelgiji hukutana na kinyume cha historia ya Vianney: mtoto mwenye uraia wa nchi hiyo huandikwa kwa jina la baba, la mama au yote mawili. Habimana, aliyepewa jina lake kama kauli ya imani siku ya nane, anakuwa mwanzilishi wa familia ya akina Habimana wa Brussels. Jina la ukoo la Kifaransa lilipoteza ukoo wake njiani kuja Gisenyi; jina la mtu wa Gisenyi linapata ukoo njiani kwenda Ulaya.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Vianney ni jina la aina mbili tofauti katika nchi mbili. Huko Dardilly liliwaunganisha babu, baba na wana. Wilayani Rubavu, yenye wakazi zaidi ya laki tano, linasikika kila mahali, lakini wanaolitumia hawana udugu nalo wala kupitia kwake. Kuhesabu wenye jina hilo hupima ukubwa wa wimbi la ubatizo la karne ya ishirini. Hakupimi uzao wa mtu yeyote.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, kamusi na istilahi za Kiswahili zitenganishe "jina la ukoo" na "jina la familia", ili wazungumzaji wa Rwanda wasilazimike kujaza katika fomu kitu wasichokuwa nacho. Pili, vitabu vya ubatizo vya parokia na rejista za serikali, vinavyotaja baba na mama wa kila mtoto, vitunzwe kwa uangalifu mkubwa. Mahali ambapo jina halisemi mtu ni mwana wa nani, kitabu hicho huenda ndicho shahidi pekee aliyebaki.