Rangi za Kuta: Kutoka Udongo wa Mara hadi Matangazo ya Simu

Nyumba za Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, hubadilika rangi kadiri unavyoiacha barabara kuu. Mjini ni matofali ya kuchoma, saruji na mabati ya rangi. Ndani vijijini, kama ilivyo wilayani Tarime, bado zipo nyumba za udongo, nyingine nyekundu, nyingine za kijivu, na mkanda wa rangi iliyokoza chini ya ukuta.

Kukandika, kwa desturi, ni kazi ya wanawake. Udongo hulowekwa, hukanyagwa kwa miguu, kisha huchanganywa na kinyesi kibichi cha ng'ombe ili usipasuke ukikauka. Hupakwa kwa kiganja, na ukiusogelea ukuta utaona michirizi ya vidole iliyopinda kama upinde. Mwisho hupakwa udongo laini wa rangi. Wekundu wake hutokana na madini ya chuma. Mkanda wa chini huficha matope yanayorushwa na mvua, na masika yakipita ukuta hukandikwa upya.

Eneo hili limejua rangi za ardhini tangu zamani. Kwenye miamba ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Wamaasai walichora ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Si hapa tu: ng'ambo ya Mto Kagera, huko Gisaka nchini Rwanda, kinyesi cha ng'ombe kilizaa sanaa ya imigongo, michoro ya pembe na mistari iliyoinuka ukutani, ambayo masimulizi huihusisha na mwana wa mfalme aitwaye Kakira. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ni wanawake wa huko walioifufua kupitia ushirika wao. Pwani nako, Lamu na Unguja zilipata weupe wao kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Kila jamii ilijenga kwa rangi iliyokuwa chini ya miguu yake.

Mabadiliko makubwa Tanzania Bara yalianza na Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, katika miaka ya 1970. Maboma ambayo nyumba zake zilizunguka zizi la ng'ombe yaliachwa, na familia nyingi zikapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Ukuta ukawa unatazama wapita njia. Kampuni za simu zilipokuja, ziliukuta ukuta huo tayari. Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, maduka ya vijijini nayo yalibadilishwa rangi. Vodacom nayo iliacha buluu ikashika nyekundu mwaka 2011. Mwenye duka hupata rangi bure, na kampuni hupata tangazo.

Simlaumu anayetaka nyumba ya matofali isiyohitaji kukandikwa kila mwaka; hiyo ni haki yake, na mgongo wa mama hupumzika. Ila maarifa yasizikwe pamoja na ukuta wa zamani. Maofisa utamaduni wa Serengeti na Tarime, pamoja na walimu, wawafuate bibi wa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na Kinata wangali hai. Waandike majina ya udongo, machimbo yake na namna ya kuuchanganya, wapige picha za kuta, na wawape wanafunzi nafasi ya kukandika ukuta mmoja shuleni. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wa nje. Inahitaji daftari, jembe na mwalimu mwenye nia.