Rugezi: Kinamasi Kilichorudisha Umeme wa Rwanda

Kaskazini mwa Rwanda, katika wilaya za Burera na Gicumbi, bonde la Rugezi limelala zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mtumbwi huko leo utapita katikati ya mafunjo na nyasi ndefu, na ukibahatika utawaona korongo wenye taji wakitafuta chakula.

Chini ya majani hayo kuna tabaka nene la mboji linalofyonza maji ya mvua kama sifongo, kisha kuyaachia taratibu kuelekea Ziwa Burera. Ziwa hilo liko juu ya jirani yake, Ruhondo, kwa takriban mita 100. Kwenye mteremko huo ndipo kilipojengwa kituo cha umeme cha Ntaruka mwaka 1959. Kwa hiyo taa za Kigali zilitegemea kinamasi ambacho wakazi wengi wa mji huo hawajawahi kukiona.

Watu walipoongezeka na ardhi kuwa haba, mifereji ilichimbwa kukausha bonde lipate kulimwa. Milimani nako kulilimwa hadi kileleni, udongo ukaporomoka. Mvua zikawa chache, na uendeshaji wa kituo chenyewe nao ulikuwa na kasoro. Kufikia 2004 kina cha Burera kilikuwa kimeshuka mno, Ntaruka ikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Ukaja mgao wa umeme. Serikali ikakodi jenereta za dizeli, na bei ya umeme ikapanda.

Hapo ndipo kilimo kilipopigwa marufuku bondeni. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, zaidi ya hekta 6,700. Kingo zikapandwa mianzi na nyasi, milima ikachongwa matuta. Maji yakarudi, Ntaruka ikapata nguvu tena, na mwaka 2010 Rwanda ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Green Globe.

Tuzo hiyo ilistahili. Lakini gharama ililipwa kwanza na wakulima maskini wa pembezoni, waliopoteza mashamba yenye rutuba kuliko yote waliyokuwa nayo. Kama umeme wa mjini unatoka bondeni kwao, basi sehemu ya mapato yake iwarudie: kwa mizinga ya nyuki, kwa majiko yanayookoa kuni, na kwa nyaya zinazofika hadi nyumbani kwao.