Unyasi Mfupi na Kura

Miongoni mwa nahau za Kiingereza zinazomtatiza mfasiri imo ile isemayo kwamba mtu "amevuta unyasi mfupi", yaani bahati imemtwika kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Nahau hii ni mabaki ya desturi halisi. Nyasi za urefu tofauti zilishikwa ngumini, ncha zake zikionekana sawa. Kila mtu akavuta wake, na aliyepata mfupi akateuliwa.

Desturi hiyo ni kongwe. Mwishoni mwa karne ya 14, Geoffrey Chaucer aliwasawiri mahujaji wa Canterbury wakivuta hivyo ili kumpata msimulizi wa kwanza. Hapo mfupi ulileta heshima, si adha. Baharini ulileta mauti. Mwaka 1821, baadhi ya manusura wa Essex, meli ya kuwindia nyangumi iliyozama mwaka 1820, walipiga kura kuamua nani auawe ili wenzake wapate chakula. Manusura wa Mignonette, mwaka 1884, hawakupiga kura: kijana wa miaka 17, aliyekuwa mgonjwa, ndiye aliyeuawa. Mahakama ya Uingereza iliwatia hatiani wawili kwa kosa la mauaji. Twaona hapa kwamba pasipo kura, mzigo humwelemea mnyonge.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Neno "kura", lenye asili ya Kiarabu, lilihusu kwanza uteuzi wa bahati. Ndiyo maana yake katika kisa cha Nabii Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona: mabaharia walipiga kura, naye ikamwangukia. Baadaye neno hilohilo lilibeba maana ya hiari ya mpiga kura. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, ulioitwa wa kura tatu, kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Hapo bahati haikuwa na nafasi tena.

Hata hivyo, maana kongwe haijafa. Ingali hai katika usemi "kura imemwangukia", nao ndio tafsiri ifaayo ya nahau tuliyoanza nayo. Lakini mfasiri hana budi kutahadhari. Waingereza husema hivyo hata pale ambapo mkubwa amemteua mdogo kwa amri. Pale hapakuwa na kura. Yafaa tuandike wazi kwamba mtu huyo ametwishwa mzigo, ili lugha isimpe bahati lawama ya mwenye mamlaka.